Toroli lapotea pembeni mwa stoo

SWALI: Nimefunga taa nne za LED za volti 12 kwenye dari ya stoo, kila moja ikiwaka na kuzima kwa masafa yake (idadi ya mara kwa sekunde). Fotodayodi ya BPW34, kihisi kinachogeuza mwanga kuwa umeme, juu ya toroli hupima nguvu ya kila taa, kisha programu hukokotoa toroli liko wapi. Katikati kosa ni sentimita 10 hivi, pembeni hufika nusu mita. Mchana halisomi kabisa. Nimekosea hesabu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hesabu huenda ni nzima. Tuanze na mchana. Mwangaza wa laksi 1000 wa balbu ya kawaida huifanya BPW34 itoe takriban mikroampea 75. Kwa rezista ya kilo-omu 100, inayogeuza mkondo huo kuwa volti, hiyo ni volti 7.5, na amplifaya (kikuza mawimbi) ya volti 5 imeshagota kikomo zamani. Shusha rezista hadi kilo-omu 10, pitisha mawimbi kwenye kapasita ili mwanga usiobadilika ubaki nyuma, ndipo ukuze mara kumi. Jua la moja kwa moja litakushinda hata hivyo, kwa hiyo weka pazia. Na dukani usikubali BPW34F, ile yenye kichujio cheusi: hupitisha infraredi tu, mwanga usioonekana kwa macho, ambayo taa nyeupe ya LED karibu haina.

Sasa pembeni. Taa ikiwa mita 2 juu ya fotodayodi, toroli likisogea mita 2 kando, mwanga hushuka hadi robo. Kwa mita 3.5, hadi sehemu moja ya 16. Hapo ndipo makosa madogo huonekana makubwa. Gurudumu likiingia shimoni na fotodayodi kuinama digrii 10, ule umbali wa mita 2 za kando hukosewa kwa sentimita 15 hadi 20. Ukuta mweupe nao huakisi mwanga, na taa hudhaniwa iko karibu. Ifunge fotodayodi kwa pima maji, kisha karibu na kuta chukua vipimo kila nusu mita uvihifadhi kama jedwali. Fomula pekee haitoshi huko.

Kagua masafa pia. Umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingine za jengo zitetemeke kwa hezi 100 na vizidisho vyake (200, 300 n.k.), kwa hiyo usitumie 1000 wala 1500. Chagua 1050, 1350, 1650 na 1950. Soma sampuli (vipimo vya papo hapo) 2000 kwa kasi ya 20,000 kwa sekunde: utatenganisha masafa yanayopishana kwa hezi 10, ila toroli la mita 1 kwa sekunde litakuwa limeshasogea sentimita 10.