Punda afe, mzigo ufike?

Jumapili ya Matawi mwaka ule, walimu wa shule ya Jumapili waliniomba punda. Walitaka watoto waigize Bwana Yesu akiingia Yerusalemu, na punda mpole kuliko wote kitongojini alikuwa wangu. Nilimpeleka kanisani gunia la matandiko likiwa bado mgongoni, kwa sababu alfajiri alikuwa ametoka kisimani. Huku kwetu Dodoma mvua zilikuwa zimegoma, lambo halikujaa, na maji tulikuwa tunayafuata mbali.

Mama mmoja akasema gunia lile chafu litolewe, watandike kanga. Tulipolivuta likang'ang'ania. Chini yake palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, kinatoa usaha. Mtoto aliyepangiwa kupanda akakiangalia, kisha akaniangalia mimi. "Baba, nikae hapo?"

Siku hiyo watoto waliandamana na matawi yao, na punda akatembea katikati yao bila mtu mgongoni. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa.

Aliyewahi kumtazama punda wetu wa kienyeji vizuri anajua ana mstari mweusi toka shingoni hadi mkiani, na mwingine unaokatiza mabegani. Ni msalaba kabisa. Wapo Wakristo wanaosema aliupata siku alipombeba Bwana. Wataalamu wanasema ni rangi aliyorithi kwa punda mwitu wa Afrika. Vyovyote iwavyo, kidonda nilichomtia kilikuwa pale mistari miwili inapokutana.

Tuna methali inayosema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Nimeisikia tangu utotoni na nimeisema mara nyingi kwa sauti ya kujisifu. Baada ya Jumapili ile nilirudi kwenye Mwanzo 33, nikamsoma Yakobo upya. Esau anamhimiza waende pamoja, na Yakobo anakataa: ana watoto wadogo, ana wanyama wanaonyonyesha, na wakiendeshwa kwa nguvu hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Kwa hiyo anasema atakwenda polepole, kwa mwendo wa wanyama na kwa mwendo wa watoto. Huyu ni mtu tajiri aliyekubali mzigo wake uchelewe. Ndugu yangu Mkristo, kati ya Yakobo na ile methali inabidi uchague mmoja.

Nianze na uzito, maana hapo ndipo tunapokosea wengi. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Nilikuwa nampakia punda madumu sita, yaani kilo 120, na yeye mwenyewe uzito wake haukufika mbali zaidi ya hapo. Bwana mifugo aliyekuja kutibu kidonda aliniambia nisimbebeshe zaidi ya kilo 50 hivi, akiwa mzima na ameshiba. Nilimwambia haiwezekani. Akaniuliza kabla sijanunua punda maji yalikuwa yanaletwaje.

Yalikuwa yanaletwa na mke wangu, kichwani. Naomba tuwe wakweli hapa. Ukimpunguzia punda dumu kisha ukampelekea mkeo au binti yako, hujamhurumia yeyote. Kwetu nafuu ilitoka kwenye muda wangu mimi: tulianza kwenda mara mbili, na safari ya pili nikawa naenda mwenyewe. Baadaye tulichanga na jirani tukapata mkokoteni, kwa sababu penye njia tambarare punda huvuta mzigo mkubwa kuliko anaoweza kubeba mgongoni.

Ila mkokoteni nao una dhambi zake. Wengi huchukua nira ya ng'ombe na kumwekea punda. Ng'ombe ana nundu, na nira inaegemea hapo. Punda hana nundu. Yeye husukuma kwa kifua, kwa hiyo anahitaji mkanda mpana na laini unaopita kifuani. Nira inamchubua shingo hadi nyama. Kumbukumbu la Torati 22:10 inakataza kulima kwa ng'ombe na punda pamoja, na zamani niliiona kama amri ya ajabu tu. Sasa nikimwona punda amefungwa pembeni mwa maksai, anavutwa kwa hatua zisizo zake, naielewa bila kufafanuliwa.

Kabla ya kumtandika, pitisha mkono mgongoni, mabegani na chini ya tumbo mahali kamba inapopita. Sekunde chache zinatosha. Ukikuta joto, uvimbe au manyoya yaliyonyonyoka, siku hiyo habebi. Kikishakuwa kidonda, kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha mwite bwana mifugo. Usimpake oili chafu ya gari wala unga wa betri, hata kama ndivyo babu alivyofanya. Pepopunda humpata punda kupitia vidonda, na huua. Wa kwangu alipumzika miezi miwili. Ilitugharimu, sitaficha, na kuna siku nilitamani sana kumrudisha kazini mapema.

Kuhusu fimbo: punda akishtuka hakimbii mbali kama farasi, mara nyingi husimama tuli. Sisi tunaita ukaidi na tunapiga. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu, Hesabu 22, na mara zote tatu punda alikuwa ameona malaika mwenye upanga ambaye nabii hakumwona. Wangu akigoma sasa, naangalia kwato kwanza, halafu kamba, halafu njia. Mara nyingi nakuta jiwe kwatoni.

Jumapili ilinichoma kuliko yote. Mungu aliposema siku ya saba ipumzikwe, alimtaja ng'ombe na punda waziwazi, Kutoka 23:12. Na Yesu alipobishana na mkuu wa sinagogi na wenzake juu ya Sabato, alichukulia kwamba kila mmoja wao humfungulia ng'ombe au punda wake siku hiyo akamnyweshe. Kwangu Jumapili ndiyo siku punda aliyochoka zaidi. Watoto hawakuwa shuleni, kwa hiyo walitumwa maji, kuni, mashineni, huku baba anapumzika kivulini na Biblia yake. Siku hizi mapipa yanajazwa Jumamosi jioni.

Najua wapo watakaosema watu wana njaa na mimi nahubiri punda. Lakini punda akifa, njaa inaingia nyumba ileile. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake. Haisemi aache kumtumia. Kuku anayesafirishwa kwa pikipiki amening'inizwa miguu juu, mbwa anayefungwa mchana kutwa bila maji, mbuzi wa Krismasi anayeburutwa mbele ya wenzake, hao nao tuwafikirie. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, ila sijawahi kuona askari akifika kisimani kwetu. Wanaofika kisimani ni sisi wenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo wafugaji wa punda wanalijua vizuri: ngozi. Zinatafutwa kwa ajili ya dawa ya Kichina, na kwa sababu hiyo punda wameibwa na kuchinjwa porini. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana huko Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mtu akija kwako na bei nzuri isiyo ya kawaida kwa punda mzee, jiulize anampeleka wapi.

Na hapo ndipo penye mtihani wa mwisho, punda akizeeka. Wengi huwaachia tu. Utawakuta usiku barabara kuu, wamesimama kwenye lami, hadi lori liwakute. Wangu sasa meno yameisha, magunia hawezi tena. Nilishauriwa nimwachie kama wengine. Tunampa pumba laini, tunamlaza karibu na mbuzi kwa sababu hapendi kuwa peke yake, na yule mtoto wa Jumapili ya Matawi, sasa ni kijana wa kwaya, hupita jioni kumtoa kupe masikioni. Manyoya yalipoota pale kwenye kidonda yaliota meupe.