Maswali ya Wasomaji: Mshauri wa Bajeti Naye Anaishi Vipi na Fedha Zake?

SWALI: Bi Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu nianze kuandika mapato na matumizi kama unavyoelekeza, nimejiwekea akiba ya kutosha miezi 3, lakini kuigusa nashindwa. Juzi viatu vya mwanangu vilitoboka, nikavipeleka kwa fundi vishonwe mara ya pili, ilhali fedha ya kununua vipya ninayo. Mume wangu anasema nina mkono wa birika. Je, wewe unayetufundisha, moyo wako umetulia kuhusu fedha?
Mama S., Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, Mama S. Haujatulia kabisa, na sababu yake naijua.

Nimekulia hapo hapo Bagamoyo, mtaa wa Dunda, kwa mama aliyekuwa akinunua samaki mnadani ufukweni, akawakaanga na kuwauza jioni. Fedha ya nyumbani kwetu ilifuata mwezi wa angani, wala si wa kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka taa ya mvuvi haiwakusanyi vizuri. Basi siku za mwezi mpevu vyombo vingi hupumzika, na kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hata giza lenyewe halina uhakika. Mama alifunga noti kwenye pindo la kanga: fundo moja la mtaji wa mnada wa kesho, jingine la unga na mboga. Fundo la mtaji halikufunguliwa hata kama tungelala na chai kavu, na alikuwa na haki, kwani asiponunua samaki alfajiri hana cha kukaanga jioni, na deni la mafuta linamsubiri dukani.

Leo nalipwa kwa tarehe inayojulikana, lakini hofu ile ninayo bado. Kila ninapotoa fedha benki, hata kwa jambo la lazima, nahisi nimefungua fundo la mtaji. Sijaribu kuifukuza hofu hiyo. Nimeipa mahali pake. Akiba ya dharura iko kwenye akaunti ya peke yake, na huko hofu inilinde ipendavyo. Fungu la viatu, sare na dawa liko kwingine, nalo lina tarehe ya kutumika. Tarehe ikifika natumia, moyo ukubali usikubali. Harusi na misiba ya ndugu nayo ina fungu lake, dogo.

Kwako wewe tatizo naliona hapo: umeweka kila kitu katika fungu moja ukaliita akiba, kwa hiyo viatu vya mtoto vinashindania fedha na ugonjwa au kufiwa. Viatu si dharura. Muhula huanza Januari na Julai, na miguu ya mtoto inakua. Gharama hiyo yajulikana mapema, na mshahara wako, tofauti na kipato cha mama yangu, hausubiri giza.

Nunua viatu hivyo wiki hii kutoka kwenye akiba, kisha urudishe kiasi hicho kwa mishahara 2 ijayo. Baada ya hapo keti na mumeo mgawanye mafungu pamoja. Neno lake lilikuwa kali, nami sikubaliani nalo, lakini huenda hajawahi kuambiwa akiba hiyo ni ya nini.