Laga Iliyo Tupu Ina Wenyewe

Juzi kijana wetu mpya alirudi kambini na fomu ya mahudhurio iliyojaa sahihi na alama za dole gumba, meno yote nje. "Bosi, jamii imekubali." Nikamuuliza baraza lilifanyika wapi. Sokoni, kando ya ofisi ya chifu. Sasa ni mwezi gani? Mei. Mifugo iko wapi? Akanitazama tu. Basi naandika, maana nimechoka kurudia jambo hilihili kwa kila kundi linaloshuka garini na helmeti zisizo na hata mkwaruzo.

Haya ni yenu ninyi mnaokuja kujenga barabara kaskazini mwa Kenya: Samburu, Marsabit, Turkana na Isiolo. Kushindilia tabaka mtafundishwa na RE, mhandisi msimamizi wa mradi.

1. Someni sheria, halafu msijifiche nyuma yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, wakiwa mkutanoni. Chifu si mkutano. MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, si mkutano, hata akisema kwa sauti ya watu mia. Kamati ya ardhi nayo ina watu 7 hadi 15 tu. Mkidhani hayo ni ya mawakili, kumbukeni Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru ilipoamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha utaratibu. Mitambo 365 ilikuwa tayari inazunguka.

2. Jueni kalenda ya mifugo kabla ya kuchora kalenda ya mradi. Hapa nitakaa, kwa sababu aliyeharibu ni mimi.

Tulihitaji mchanga wa zege ya makalavati. Tukapata laga pana, yaani mkondo wa mto unaotiririka wakati wa mvua tu, mchanga safi, maabara ikaupitisha. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha hivi karibuni. Nilitembea laga ile na GPS mkononi, sikuona kisima hata kimoja, wala nyayo ila za punda. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha "watumiaji wa sasa". Nikaandika: hakuna. Nikaitisha baraza, wakaja wenye maduka, vijana wa bodaboda, wazee wachache wa mjini na mwanasiasa mmoja aliyesema kwa niaba ya walimwengu wote. Soda zikanywewa. Bei ya mchanga kwa lori ikakubaliwa, sahihi zikatiwa.

Nisilolijua, na ambalo sikumuuliza mtu, ni kwamba mafuriko hufukia visima vya laga kila mwaka. Maji yakishapita juu, mengine hubaki ndani ya mchanga, yakazuiliwa na mwamba ulio chini, yakakaa miezi. Wakati wa mvua wafugaji wako mbali, kwenye nyasi na vidimbwi. Kiangazi kikikaza, kila ukoo unarudi mahali pake, unafukua kisima chake na kupanga zamu za kunywesha. Ule mchanga ndio tangi lenyewe. Kila lori tulilopakia lilipunguza maji ya Agosti, na pale ekskaveta ilipokwangua hadi mwamba, kidogo kilichobaki kilikaushwa na jua.

Mifugo ikarudi. Asubuhi moja dereva akanipigia: kuna akina mama wameketi mbele ya mashine. Hakukuwa na mawe wala matusi. Wameketi tu, na mitungi yao. Mimi nikaenda na fomu. Aibu hiyo bado ninayo. Niliifungua mbele ya watu wenye kiu nikawaonyesha sahihi! Mzee mmoja akaichukua kwa upole, akampa kijana asome majina. Kila jina likitajwa, mzee anauliza: huyu ana kisima hapa? Hana. Anayefuata? Hana. Wakasoma hivyo mpaka chini ya karatasi, nami nimesimama na reflekta yangu.

Kazi ilisimama. Tulipeleka maji kwa maboza hadi mvua zikanyesha, na mchanga tukaununua mbali kwa bei iliyomtoa mkurugenzi jasho. Ng'ombe waliokufa tulilipa. Lakini familia zile zilikwenda kuomba maji kwenye visima vya koo nyingine, na deni la kuomba namna ile halina mstari kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na gharama za mradi. Wazee hawakutaka hata kusikia habari za fidia kabla hatujaketi nao tukajua kila kisima ni cha nani. Ramani tuliyoitumia baadaye ilichorwa na wanawake na wachungaji, wakati wa kiangazi, nao ndio waliotuonyesha sehemu za chini ya mkondo ambako tungeweza kuchota bila kugusa maji, na kina cha kukomea.

Kwa hiyo chunguzeni mara mbili, masika na kiangazi. Na kila mnapoona mahali patupu, ulizeni: nani hurudi hapa, mwezi gani?

3. Rundo la mawe kando ya mchepuko si mawe ya kujazia. Huenda ni kaburi. Ulizeni kabla tingatinga halijawashwa.

4. Mbuzi akigongwa, lipeni siku hiyohiyo, kwa bei iliyokubaliwa kabla lori la kwanza halijapita. Tengeni pesa taslimu kambini kwa kazi hiyo. Mhasibu wetu Nairobi aliwahi kudai risiti ya ETR, ile ya mashine ya kodi, ya mbuzi jike mwenye mimba. Bado tunabishana.

5. Majina ya vibarua yasomwe hadharani, kijiji kwa kijiji. Na wanawake wasiishie kushika bendera.

6. Msiahidi kisima cha mtambo ili mpendwe. Maji ya mwaka mzima mahali pamoja huvuta mifugo mwaka mzima, malisho ya kandokando yakaisha. Kisha jenereta inakufa na fundi yuko Isiolo. Wakikiomba wenyewe, na watakiomba, ketini muelewane nani atashika ufunguo, nani atanunua dizeli, na kifungwe miezi gani. Hilo la kukifunga nililisikia kwanza kwa wazee. Mshauri wa mazingira alikuwa hajalifikiria.

7. Mashimo ya changarawe wakitaka yaachwe yawe silanga, mabwawa ya kunyweshea mifugo, sawa. Lazeni kingo, ndama aingie na kutoka, na mtoto akiteleza apate pa kukanyaga. Gharama hiyo iingizeni kwenye BOQ leo, maana greda likishapandishwa kwenye trela kurudi Nairobi, hakuna atakayelirudisha kulaza kingo.