Sinema za kutafsiriwa: nilidanganywa miaka kumi na tano, na sijutii

Mkuu, umeuliza inakuwaje watu wazima na akili zao bado wanakodolea macho sinema zilizotafsiriwa na madj, wale wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti zake, wakati siku hizi filamu zinakuja na maandishi chini. Ukaongeza kwamba jamaa anapiga kelele juu ya kazi ya watu na nusu ya anayosema ni uongo. Kwenye uongo sibishani na wewe, tena nakuongezea ushahidi.

Mimi nimekulia Tandika, Dar. Miaka ya 1997, 1998 hivi, TV kwetu Bara ilikuwa bado jambo la kuchungulia dirishani kwa watu. ITV ilikuwa na miaka michache tu tangu ianze 1994, wakati wenzetu Zanzibar walishaona ya rangi toka miaka ya sabini. Sisi wa mtaani tulikuwa na kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video kwa kiingilio. Mabati juu, magunia madirishani, mabenchi yenye misumari iliyochomoza (nina kovu pajani, sitanii), TV ya inchi 21 juu ya kabati na deki chini yake. Mtoto shilingi 50. Yangu ilitoka mashineni: nikitumwa kusaga mahindi, naomba wanisagie pungufu kidogo, mama akiuliza nasema unga umepeperuka.

Vibanda vingine viliweka kanda zilizosimuliwa na Lufufu, na kwa sauti yule mzee hakuwa na mpinzani. Chetu kilikuwa na msimuliaji wake hapo hapo, laivu. Mchana fundi viatu, jioni anakaa kwenye kreti la soda pembeni ya TV, maiki kaifunga kwa mpira wa baiskeli maana betri zilikuwa zinadondoka. Skrini alikuwa haiangalii sana. Alikuwa anatuangalia sisi. Akiona watoto wa benchi la mbele wameanza kusinzia, anachomekea mzaha. Muuza maandazi akipita nje na beseni lake, dakika hiyo hiyo jambazi wa Kimarekani anaulizwa kama kalipa deni la maandazi.

Sasa ushahidi. Commando, ya 1985, Arnold Schwarzenegger ndiye steringi, yaani shujaa wa filamu, anaitwa Matrix. Binti yake katekwa, yeye anawafuata watekaji mmoja mmoja. Kuna adui anaitwa Bennett, yule mwenye masharubu aliyevaa fulana ya vyuma. Fundi wetu alitueleza kwamba Bennett na steringi walisoma darasa moja, walikula sahani moja, wakaja kugombana kwa sababu ya mwanamke. Kila Bennett akitokea, fundi anashusha sauti: "Bado ana kinyongo huyu." Kibanda kizima kimya. Walipokuja kupigana mwishoni, bomba lile la mvuke likamtoboa Bennett, kuna mbaba nyuma yangu alisema taratibu, "Mwanamke ni kitu kibaya." Watu wakaitikia kama msibani.

Mwaka 2013 nikaipata ya asili, safi, sauti zote. Nikakaa na mke wangu nikamwambia subiri, kuna mwanamke atatajwa. Tukasubiri. Filamu ikaisha. Bennett alikuwa askari wa kikosi cha Matrix akafukuzwa kwa ukatili wake, basi. Mwanamke hayupo! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nikwambie ukweli, ile ya asili niliiona imepooza. Jamaa anaongea maneno machache, anapiga risasi, anaongea tena. Ugomvi wao haukuwa na mizizi. Yule fundi viatu alikuwa kaupa mizizi.

Na hapo ndipo naona swali lako limekaa vibaya. Unampima kama mkalimani wa mahakamani. Huyu ni mtamba hadithi. Bibi yangu alikuwa akitusimulia sungura na fisi, kila siku fisi anakufa kifo tofauti kutegemea nani kamuudhi mchana, na hakuna aliyemwambia bibi anaharibu hadithi ya watu. Tena siyo ugonjwa wetu peke yetu: Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na Kiganda chake.

Titanic ndiyo ilimshinda. Steringi hafi, hiyo ilikuwa sheria ya kibanda kuliko sheria za nchi. Sasa Jack anaganda kwenye maji, anazama, na fundi maiki iko mkononi hana la kusema. Vurugu zikaanza, watu wanadai hela zao, mmoja anagonga bati. Mwenye kibanda akasimama mlangoni akatangaza kwamba Jack kaokotwa na wavuvi, ipo pati tuu, sehemu ya pili, inakuja Jumamosi. Tulikwenda Jumamosi nne mfululizo.

Lakini zipo filamu ambazo dj simtaki. Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, imeingizwa sauti za Kiswahili na waigizaji kabisa, kila mtu na sauti yake. Ilipendwa mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama taarifa ya habari, hakuna mama mkwe wa Temeke anayeongea vile, ila mama yangu alikuwa anahama kikao cha vikoba kuiwahi. Kwa nini? Kwa sababu pale utamu wote ni maneno: nani kamjibu nani, nani kanyamaza. Dj angemfunika mama mkwe na mzaha wake, umekosa kila kitu. Vivyo hivyo filamu za upelelezi na za mahakamani. Nimewahi kuangalia moja ndani ya basi la Mwanza, dj akamtaja muuaji dakika ya kumi. Safari nzima nina hasira.

Za ngumi, za msituni, za Kihindi za kulipiza kisasi, niletee dj. Suala la hakimiliki silitetei, wenye kazi hawapati senti na hilo ni wizi.

Mwanangu ana miaka 13. Mwezi uliopita tuliangalia Commando naye, umeme ukiwepo kwa bahati. Bennett alipotokea nikachukua rimoti nikapunguza sauti, nikamwambia, "Hawa wawili walisoma darasa moja." Mama yake akanikata jicho kutoka jikoni. Dogo akauliza, "Wakagombana nini?"

Nikamwambia angalia tu.