Mwamba wa Uluru haupandwi, nenda hivyo hivyo

Msomaji mmoja aliyeko Brisbane ameona picha zangu akaniandikia: "Dada, nauli yote hiyo ili ukatazame mwamba usioruhusiwa kuupanda?" Maneno hayo yameniuma, nami nayajibu hadharani.

Kuupanda Uluru, mwamba mkubwa ulio katikati ya Australia, kulipigwa marufuku tarehe 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili tangu Waanangu, wenyeji wa asili wa pale, warudishiwe hati ya ardhi yao. Kabla ya hapo walikuwa wakiwasihi wageni kwa miaka mingi wasipande, na zaidi ya watu 30 walifia pale. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi. Kwetu mtoto hujua mapema kwamba ndani ya kaya, msitu wetu mtakatifu, huingii bila wazee, kwa hiyo marufuku ya Waanangu sikuiona ngeni hata kidogo.

Nilichofanya ni kuuzunguka kwa miguu, kilomita 10 na ushei, tangu alfajiri, na najivunia kila hatua. Upande wa Mutitjulu kuna kidimbwi chini ya mwamba. Hapo ndipo panaposimuliwa vita vya Kuniya, chatu jike, na Liru, nyoka wa sumu. Alama za vita hivyo unaonyeshwa mwambani kwenyewe.

Mbele kidogo palikuwa na kibao kinachokataza picha. Mwenzetu mmoja akainua simu. Nilipomkataza alicheka: "Nani anatuona?" Mpaka leo linanikera. Baadhi ya sehemu zile ni za wanawake peke yao, nyingine za wanaume, na habari zake husimuliwa mahali pale pale tu. Ukipiga picha, umeipeleka kwa macho yasiyostahili. Ndugu zangu, kibao kikisema usipige, weka simu mfukoni! Heshima haingoji askari.

Anzeni na kituo cha utamaduni, kabla hata ya kuukaribia mwamba. Bebeni maji, lita moja kwa kila saa ya kutembea kwenye joto, na wavu wa kufunika uso, maana nzi wa kule huingia hadi puani. Kata Tjuta, kundi la miamba ya mviringo jirani na Uluru, msiikose, ila mfike mapema: joto likitabiriwa kufika nyuzi 36, njia yake ya Bonde la Upepo hufungwa saa tano asubuhi.

Na ukitoka Alice Springs kwa gari, ukaona mlima bapa upande wa kushoto, usishangilie bado. Huo ni Atila. Uluru uko mbele zaidi.