Ukianza na kompositi za katani hapa Dodoma

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapochagua mada za mradi, wawili watatu hunijia na mfuko wa singa za katani wanazotaka kuzizamisha kwenye resini, ile gundi ya majimaji inayoganda kuwa plastiki, wapate kibao cha kompositi, na swali lilelile: "Kaka, niweke asilimia ngapi?" Nami huwauliza singa zimetoka wapi, zimekaa wapi na zimekaushwa lini. Hapo huwa kimya. Siwacheki. Nilianza hivyohivyo, na kutojua majibu hayo kulinila karibu muhula mzima.

Vibao vyangu vya kwanza nilivimimina Septemba. Septemba ya Dodoma mnaijua: upepo, vumbi, midomo inapasuka. Singa nilizitoa upande wa Kilosa, nikaziweka kwenye gunia kando ya dirisha la maabara, nikamimina resini ya polista, nikakata sampuli, nikazivuta kwa mashine mpaka zikakatika. Namba zikapendeza. Msimamizi akasema sasa osha singa kwa kostiki soda, rudia, tuone nguvu imeongezeka kiasi gani. Nikarudia Januari, mvua zimekolea. Baada ya kuziosha nilizianika ndani siku mbili, nikazishika, nikaona zimekauka. Vibao vikatoka dhaifu kuliko vile vya singa ambazo hazikuoshwa kabisa! Wiki tatu nikailaumu kostiki, nikabadilisha kipimo, nikabadilisha muda wa kuloweka, nikamshuku hata aliyeniuzia resini. Siku moja fundi wa maabara, mzee asiyependa maneno mengi, akachota gramu 50 za zile singa zangu "kavu", akazitia kwenye oveni yenye joto la nyuzi 80 za Selsiasi. Jioni akazipima mbele yangu: gramu 45 na ushee. Akaniachia mzani, akaenda zake.

Singa ya mkonge ni mmea uliokatwa, usiichukulie kama waya. Ni selulosi iliyoshikwa na hemiselulosi na lignini, nayo imejaa vikundi vya haidroksili vinavyovuta maji kutoka hewani. Katika hewa yenye unyevu wa kawaida hubeba takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa maji, na mkononi bado utaiona kavu. Resini haielewani na maji hayo. Haishiki vizuri juu ya singa, mapovu yanabaki ndani, na singa ikija kukauka baadaye inasinyaa na kuachana na resini iliyoizunguka. Ukivuta kibao, resini inashindwa kuukabidhi mzigo kwa singa, na ulichobaki nacho ni plastiki yenye nyasi ndani.

Ndiyo maana nasema ukame wetu unadanganya. Kuanzia Juni hadi Novemba hewa ya Dodoma inakukaushia singa bure, unajiona fundi. Mvua za Desemba zikianza, kazi ileile kwa mikono ileile inaharibika. Tena kibao chako hakitakaa Dodoma maisha yote. Kikipelekwa Tanga au Dar es Salaam kitakutana na hewa nyingine kabisa. Kwa hiyo kausha kwa oveni mwaka mzima, nyuzi 80 zinatosha, na usihesabu saa. Hesabu uzito: pima, rudisha, pima tena, mpaka mzani uache kushuka. Kisha fungia kwenye desiketa, chombo cha maabara kisichoingiza unyevu, au kwenye ndoo yenye mfuniko mgumu pamoja na vile vidonge vya silika vinavyokuja na maboksi ya viatu. Utoe siku ya kumimina, si jana yake. Usione haraka ukapandisha moto ovyo, maana selulosi huanza kuharibika ikikaribia nyuzi 200. Sababu hiyohiyo ndiyo inayowafanya wanaoyeyusha plastiki wapende polipropilini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 165 hivi, na kuziepuka plastiki zinazotaka moto mkali zaidi.

Sasa lile swali la asilimia. Kwanza sema ni asilimia ya uzito au ya ujazo, kwa sababu hesabu za nguvu hutumia ujazo. Chukua gramu 300 za katani na gramu 700 za polista. Katani ina takriban gramu 1.45 kwa kila sentimita ya ujazo, polista iliyoganda 1.2. Utapata sentimita za ujazo 207 kwa 583, yaani katani ni asilimia 26 tu ya ujazo, wakati kwenye daftari umeandika 30. Kwa mkono na brashi ni vigumu kwenda juu sana ya hapo, singa zimevimbavimba na hazikubali kubanwa. Ukitaka zaidi, tafuta kalibu yenye kifuniko na namna ya kuigandamiza.

Halafu mwelekeo, ambao wageni huupuuza. Tuseme ugumu wa singa, yaani inavyokataa kurefuka ikivutwa, ni gigapaskali 15 na wa resini ni 3. Singa zote zikilala upande mmoja, kibao hicho cha asilimia 26 kikivutwa upande huohuo kinapaswa kukaribia gigapaskali 6. Zikitawanywa ovyo kama makuti, mchango wa singa unazidishwa kwa 3/8, na kibao kinaishia 3.7 hivi. Resini ileile, singa zilezile. Kwa hiyo ukinionyesha namba bila kuniambia singa zimelalaje, hujanionyesha kitu.

Hiyo 15 yenyewe ni ya kukisia. Maandiko huipa katani kati ya gigapaskali 9 na 22, na nguvu ya kuvutwa kati ya megapaskali 400 na 700. Singa ya chini ya jani si sawa na ya ncha, na jani changa si sawa na lililokomaa. Kuna pia suala la kupima unene. Singa haina umbo la duara kamili, nawe unaipima kwa darubini ukidhani ni duara. Ukikosea kipenyo kwa asilimia 10, eneo umelikosea kwa 21, na nguvu uliyoandika imepotoka karibu kiasi hicho. Urefu unaoubana kwenye mashine nao una neno: singa ndefu ina nafasi zaidi ya kuwa na kasoro, hivyo hukatika mapema. Andika urefu huo kila mara. Kiwango cha ASTM D3039, cha kupima kompositi kwa kuzivuta, kinataka angalau sampuli tano kwa kila hali. Kwa katani mimi hukata kumi, na singa mojamoja navuta thelathini. Zilizokatikia kwenye meno ya mashine usizihesabu.

Kostiki soda inafanya kazi, nilikuja kuiomba radhi. Asilimia 5 kwa saa chache huondoa nta na sehemu ya hemiselulosi, uso wa singa unakwaruza na resini inapata pa kushika. Ikizidi inakula singa yenyewe. Tia kostiki ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, na vaa miwani. Suuza mpaka karatasi ya litmasi iache kugeuka buluu, na msuuzo wa mwisho uwe wa maji yaliyochujwa kwa mvuke, maana maji mengi ya visima vya huku yana chumvi.

Kuhusu resini, jambo moja ambalo sitanii nalo: hadina ya polista, yaani kigandishi chake, ni peroksaidi, na kiharakishi chake ni kobalti. Viwili hivyo visikutane moja kwa moja hata tone, vinaweza kulipuka. Kobalti ikorogwe kwenye resini kwanza, peroksaidi baadaye. Oktoba na Novemba joto likipanda changanya kidogokidogo, la sivyo itagandia kikombeni. Asubuhi za Julai utangoja mpaka uchoke.

Sampuli ikivunjika usikimbilie namba. Chukua lenzi, angalia mvunjiko. Singa ndefu, safi, zilizochomoka kama meno ya kitana zinakwambia hazikushikwa na resini. Zilizokatika fupi, zikiwa bado zimevaa resini, zilishikwa. Ila hapa pana mtego uliowahi kunichanganya: singa zikishikwa sana, nguvu ya kuvutwa hupanda, lakini uwezo wa kuhimili kishindo mara nyingi hushuka, kwa sababu kule kuchomoka ndiko kulikokuwa kunakula nishati ya pigo. Amua mapema kibao chako ni cha kazi gani. Dari na bampa havidai kitu kimoja.

Vipande vilivyovunjika vitie kwenye bahasha za kaki, tarehe juu, uzito wa singa kabla na baada ya oveni. Siku ya kujitetea mtahini mmoja aliniuliza kwa nini vibao vya Januari vilianguka hivyo. Nilitoa bahasha mbili, ya Septemba na ya Januari, nikampa na lenzi. Akaziinamia kitambo, kisha akaniuliza lile gunia nililiweka wapi.