Dogo anataka kutafiti kiungulia? Mwacheni aende

Mkuu mleta mada, uzi wako nimeusoma mara mbili. Mdogo wako anamaliza udaktari, kapata nafasi ya kwenda kusomea utafiti wa kiungulia na matatizo ya kumeza, na ukoo mzima unamcheka: moyo upo, ubongo upo, yeye kachagua kiungulia. Unauliza kama hiyo ni kazi ya mtu kuifanya mpaka kustaafu. Nitajibu kwa yaliyonikuta. Ni marefu, nivumilie.

Kwangu ilianza 2014, kwa ugali. Tonge linashuka vizuri, likifika hapa chini ya kifua linagoma. Nikawa nasimama mezani, nanyoosha mgongo, nashushia maji hata nusu lita, ndipo linadondoka. Mke wangu akaanza kunitengea chakula chumbani wageni wasione. Usiku naamka nakohoa, mto umelowa, na juu yake punje za wali wa jioni, nzimanzima. Lishikeni hili: ule wali haukuwa na uchachu wowote. Nikaenda hospitali, wakasema vidonda vya tumbo. Nyingine wakasema kiungulia sugu. Kamera ikapitishwa, kidonda hakuna, endelea na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumboni. Nikaendelea miaka mitatu. Kutoka kilo 78 nikafika 59, na mtu akikonda vile mtaani mnajua anavyosemwa.

Mwaka 2018 mchango wa ukoo ukanifikisha Hyderabad, India. Kule kabla ya dawa yoyote wakanipima kitu kinaitwa manometri. Mrija mwembamba unapitishwa puani hadi tumboni (sitaipamba, inakera, machozi yanatoka yenyewe), na kwenye huo mrija kuna vihisio 36 vya kupima msukumo wa misuli, kimoja kila sentimita. Unalala, unasukumiwa maji mililita 5 mdomoni kwa bomba la sindano, unaambiwa meza. Mara kumi. Fundi alikuwa kijana mcheshi, akanigeuzia skrini nione. Kwa mtu mzima wa afya, kila mmezo unachora mshazari wa rangi unaoshuka kutoka kooni kwenda chini, kama mtu anavyokamua dawa ya meno. Wangu ulikuwa nguzo. Umesimama wima, juu hadi chini, rangi moja. Maana yake umio wote, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ulikuwa umefura msukumo kwa pamoja kama chupa iliyozibwa, na chini mlango haufunguki. Ugonjwa wenyewe unaitwa akalasia: neva za ukuta wa umio zinakufa, msuli wa mlango wa chini unasahau kulegea. Ndiyo maana wali wangu haukuwa mchachu. Haukuwahi kufika tumboni kukutana na asidi.

Kwenye ripoti wakaandika akalasia aina ya pili, kwa mujibu wa "uainishaji wa Chicago". Nikauliza, Chicago imeingiaje hapa, si tuko Hyderabad? Daktari akacheka, akaniambia kasome. Niko kitandani, simu ninayo, nikasoma.

Hapo sasa ndipo jibu la dogo wako lilipo. Kuna profesa anaitwa Peter Kahrilas, wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago. Ujanani alijifunzia kazi Milwaukee kwa Wylie Dodds, ambaye hata daktari wa tumbo hakuwa, alikuwa mtu wa picha za eksirei. Kabla yake alishapita pale Mwaustralia mmoja, John Dent wa Adelaide. Huyu mwaka 1976 alitengeneza kifuko cha kupimia ule msuli wa chini mfululizo, kwa sababu vihisio vya wakati ule msuli ukisogea kidogo tu vinaupoteza. Mwaka 1980 Dent na Dodds wakachapisha walichokiona kwa watu wenye afya waliojilaza saa nyingi na mirija puani. Watu wote walikuwa wanaamini asidi inapanda kwa kuwa mlango umelegea muda wote. Kumbe mara nyingi mlango ni mzima, ila unajifungua wenyewe kwa sekunde chache bila mtu kumeza, njia ileile inayotumika kutoa mbweu. Kwa hiyo kiungulia si lazima kiwe cha mlango mbovu, na wala si cha asidi kuzidi. Ni mlango unaofunguka wakati usio wake. Mimi jambo hilo lilinishangaza kuliko ugonjwa wangu mwenyewe.

Kahrilas akaingia kwenye mkondo huohuo. Mwaka 1986, akiwa bado na Dodds, walionyesha kwamba kadiri umio unavyounguzwa na asidi ndivyo misuli yake inavyozidi kushindwa kusukuma. Chicago akafanya kazi pia na Jeri Logemann, mtaalamu wa tiba ya matamshi, yule mama aliyezoesha dunia kupima kumeza kwa kumpa mgonjwa maji ya bariamu (kitu kinachoonekana kwenye eksirei), kisha uji wa bariamu, kisha kipande cha biskuti kilichopakwa bariamu, huku eksirei inarekodi. Waliopata kiharusi wakawa wanapaliwa wana deni kubwa kwa huyo mama. Wakati huo St. Louis, Ray Clouse na wenzake miaka ya 1990 wakawa wanageuza mistari ya manometri, ambayo ilikuwa kama maandishi ya kuku, kuwa ramani ya rangi. Bila Clouse nisingeiona nguzo yangu.

Halafu 2008, John Pandolfino, Kahrilas na wenzao wakachukua wagonjwa 99 wa akalasia, wakawagawa makundi matatu kwa hizo ramani. Wa aina ya pili walipona vizuri kuliko wote, wa tatu walisumbua. Mwaka uliofuata ukaanza huo uainishaji wa Chicago, umekuwa ukirekebishwa, toleo la nne ni la 2021. Yaani mtu amekaa na neli moja ya misuli yenye urefu wa sentimita 25 tu kwa zaidi ya miaka 30, na siku mimi nalia na mrija puani, kazi yake ndiyo iliyomwambia daktari wa Hyderabad: huyu atapona.

Nikapasuliwa kwa njia ya kamera, msuli unakatwa kutokea ndani, kifua hakifunguliwi. Aliyeanzisha ni Haruhiro Inoue wa Yokohama, 2008. Kabla ya hapo walikata kwa nje, alivyoanza Mjerumani Ernst Heller mwaka 1913. Siku ya tatu nikanywa uji, ukashuka. Sikuamini, nikamwomba nesi aniongeze.

Kuhusu ajira, akitaka kurudi nyumbani kazi ipo tele. Ukanda huu wetu, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, unabeba saratani ya umio kupita kiasi. Kule Bomet, Kenya, hospitali ya Tenwek imeandika hata ya vijana wasiofika miaka 30. Vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 shirika la WHO la utafiti wa saratani liliviweka mwaka 2016 katika vitu ambavyo huenda vinasababisha, na wapenda chai tunajijua. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na chakula kinakukwama, usikae na omeprazole miaka mitatu kama mimi. Kukwama si kiungulia. Kapimwe mapema.

Jambo moja la kumwambia dogo. Mlango wangu ulipokatwa haukuzibwa tena, kwa hiyo sasa asidi inapanda kweli. Zile kapsuli nilizokunywa bure, leo nakunywa moja kila asubuhi kabla ya chai, na safari hii zina kazi. Kuukata ule mlango chakula kishuke bila asidi kupanda, bado kunawaumiza vichwa. Aanzie hapo.